Picha ya Mbuzi Katika Nchi ya Wanusaji

Somoe binti Ngwali alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, mwanamke wa makamo mwenye vidole vilivyokakamaa kwa gundi na jicho lisilopitwa na uzi uliolegea. Aliitwa kwenda nchi ya Ukisio kwa kazi moja tu: kushona upya madaftari ya Nyumba ya Kumbukumbu, yaliyokuwa yamechakaa hata kurasa zake zikibanduka kama maganda ya kitunguu. Njiani hakukuwa na la kusimulia. Alitoka kwao, akafika. Mambo yalianza mpakani.

Pale mpakani palikuwa na kibanda kilichopakwa chokaa, na ndani yake bwana mmoja mnene, mpole, aliyevaa joho la kijani lililotariziwa pua kubwa kifuani. Alimkaribisha Somoe, akampa maji ya kunywa, akamwomba radhi kwa usumbufu, kisha akataka kuona kila karatasi aliyobeba. Somoe alikuwa na barua ya mwaliko, orodha ya zana zake, na daftari la marehemu nyanya yake ambalo hakuwahi kusafiri bila kulichukua. Juu ya jalada la daftari hilo Somoe alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa: MAPISHI.

Yule bwana hakulitazama jalada. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaupeleka puani, akavuta pumzi kwa adabu, kisha akasoma mistari mitatu ya mwanzo kwa sauti: "Chukua kuku wawili. Wachinje, wanyonyoe, wakate vipande vinane. Waloweke kwa ndimu na tangawizi, wala usiharakishe."

Akasimama wima. "Hii ni amri," akasema.

"Ni mapishi, bwana wangu. Yameandikwa hapo nje."

"Nje huandika kila mtu, mama. Sisi hatutazami nje. Maneno ya kwanza ni 'chukua', yanafuata 'wachinje'. Mtu anayesema hivyo haombi."

Somoe alijaribu kumweleza, lakini bwana yule alikuwa amekwisha kutoka kwa mlango wa nyuma, ambako mkewe alifuga kuku. Sheria ya Ukisio ilisema kuwa amri ikishatambuliwa, itekelezwe kabla kivuli hakijahama. Ilipofika adhuhuri alikuwa ametekeleza ukurasa mzima, mstari kwa mstari, hadi pale nyanya alipoandika kwamba wageni wapakuliwe kwanza. Somoe akapakuliwa kwanza. Bwana yule alianza kula kwa huzuni, akawaza atamwambia nini mkewe, kisha huzuni ikampungua tonge kwa tonge. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini kama daftari lile lilikuwa na amri nyingine.

Somoe alilifunga, akalizamisha chini ya zana zake. Hivyo ndivyo alivyoingia Ukisio: tumbo limejaa, na moyo una wasiwasi kidogo.

Mjini alipokelewa na binti mmoja aitwaye Mwanate, mwembamba, mchangamfu, mwenye joho lile lile la kijani, ila pua yake ilikuwa ndogo, kwa sababu alikuwa mnusaji wa daraja la tatu. Kila asubuhi alifanya zamu katika jumba la mtawala, na mchana alipewa kazi ya kumsaidia mgeni. Somoe alipenda haraka namna alivyoshika karatasi, kwa ncha za vidole, kama mtu anayebeba yai.

"Mwanangu," Somoe alimwuliza siku ya pili, sindano mkononi, "hii desturi ya kunusa ilitoka wapi?"

Mwanate akakaa vizuri, maana hilo lilikuwa somo la kwanza kwa kila mnusaji. "Zamani, Bi Somoe, watu wetu walikuwa wavivu wa vibandiko. Huyu anaandika 'barua' juu ya wosia, yule anaandika 'wosia' juu ya wimbo, na wengi hawaandiki kitu. Watu wakaumia. Ndipo mtawala mmoja mwenye huruma akasema, kosa la mwandishi lisimwumize msomaji. Wakateuliwa wanusaji wakisie. Siku zile wino wa amri ulitiwa karafuu na wino wa barua ulitiwa mdalasini, kwa hiyo pua ilitosha."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi wino ni mmoja. Tunanusa kwa heshima tu. Tunachokifanya ni kusoma mistari mitatu ya mwanzo."

"Na watu? Wameacha uvivu?"

Mwanate akacheka. "Wameacha vibandiko, Bi Somoe. Kwa nini mtu ajisumbue kuandika, na mnusaji atajua?"

Somoe alifikiri kwamba hilo lilikuwa jibu la mzaha, mpaka alipoanza kuyafungua yale madaftari. Humo alikuta kumbukumbu za mahakama, na katika hizo, kesi ya mwokaji mikate mmoja aliyemwandikia mjane jirani yake barua iliyoanza hivi: "Umeniua. Umeniua mchana kweupe, mbele ya watu, kwa jicho moja." Wanusaji wakaiweka katika fungu la mauaji, na mjane akakamatwa. Mwokaji akaja mbio kusema kwamba yu hai. Akaambiwa alete karatasi ya kuthibitisha. Karatasi aliyoileta ilianza na "Kwa masikitiko makubwa naomba radhi", ikanuswa kuwa tanzia. Hakimu, aliyekuwa mtu wa busara kwa kadiri sheria ilivyomruhusu, aliamuru marehemu na muuaji wawekwe chini ya ulinzi katika nyumba moja hadi jambo lifafanuke. Daftari lilisema kuwa mwaka wa saba sasa jambo halijafafanuka, na nyumba ile ina watoto watatu.

Somoe alicheka hadi uzi ukamponyoka. Lakini alipojilaza usiku ule jambo lilimrudia akilini kwa sura nyingine: katika nchi hii, karatasi ilikuwa chochote ambacho mtu mwingine angekifikiria.

Sikukuu ya Ukuta ilikuwa imekaribia. Mtawala wa Ukisio, ambaye watu humwita Mwana Mkuu, alipenda sana picha, na kila mwaka aliwaruhusu raia wote watundike picha zao kwenye ukuta wa jumba lake, ndani ya uzio. Somoe alikwenda na Mwanate kutazama. Mlangoni alikaa mpokezi, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kinacholetwa ni picha. Alikitazama, na akiona mti au uso wa mtu, alikipitisha. Ndani, wanusaji walizunguka ukutani kila asubuhi na kushughulikia chochote kilichoandikwa hapo, kwa kuwa sheria ilisema: kinachonena kutoka ndani ya uzio kinanena kwa ulimi wa Mwana Mkuu.

"Mpokezi anatazama nini hasa?" Somoe akauliza.

"Picha."

"Na nyinyi mnatazama nini?"

"Maneno ya mwanzo."

"Mnaongea, nyinyi na yeye?"

Mwanate alifikiri kidogo. "Sisi ni idara mbali mbali. Hata chakula cha mchana tunakula saa tofauti."

"Basi mtu akileta kitu ambacho kwa mpokezi ni picha, na kwenu ni amri?"

"Bi Somoe," Mwanate akasema kwa upole, kama anayemfariji mgeni, "nani atajitaabisha kiasi hicho?"

Aliyejitaabisha aliitwa Chengo wa Bondeni, mkulima wa matikiti. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu mwenye shamba kubwa, mfereji mdogo, na mkono mzuri wa kuchora. Siku ya sikukuu alileta picha ya mbuzi dume anayetafuna nyasi, mbuzi wa kweli kabisa, hata ukadhani utasikia meno yake. Nyuma alikuwa amebandika kibandiko safi: PICHA. Juu kabisa, angani mwa ile picha, palikuwa na kundi la ndege weusi wadogo; na aliyesogeza uso karibu aliona kwamba hawakuwa ndege bali maneno: *Kuanzia leo, kwa idhini ya jumba hili, Chengo wa Bondeni akabidhiwe funguo za Chemchemi Kuu, azitunze apendavyo.*

Mpokezi aliona mbuzi. Akamsifu, akampitisha.

Kesho yake asubuhi ilikuwa zamu ya Mwanate. Aliifikia picha ya mbuzi, akasogeza pua, akasoma kuanzia juu, kama alivyofundishwa. Mstari wa kwanza ulikuwa "Kuanzia leo". Hakuna mnusaji duniani ambaye angekosea hapo. Akaenda kwenye msumari zilipotundikwa funguo za chemchemi hiyo inayolisha mifereji yote ya mji, akazitungua, akatembea hadi Bondeni, akamkabidhi Chengo kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Chengo akamshukuru, akampa tikiti.

Ilipofika adhuhuri, mifereji yote ya mji ilikuwa imefungwa ila mmoja.

Chengo hakumnyima mtu maji ya kunywa. Alitangaza tu kwamba kila nyumba itakayotaka maji ya bustani imtoe mtu mmoja akapalilie matikiti. Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili miche ikaanza kuinamisha vichwa, na watu wakaanza kuinama Bondeni, majembe mkononi. Mama yake Mwanate alikuwa na vitalu viwili vya mchicha, na mgongo uliokuwa ukimsumbua tangu mvua za mwaka jana. Naye pia akaenda.

Mwanate aliingia Nyumba ya Kumbukumbu, akaketi sakafuni kati ya madaftari bila kuvua joho.

"Bi Somoe," akasema, "nimefanya kazi yangu sawasawa, na mji hauna maji."

Somoe aliweka sindano chini. Hakumwambia kwamba alikuwa amelitabiri. Alimpa kitambaa cha kujifutia machozi, kisha akampa kurasa za kupanga, maana aliamini kwamba mikono ikishughulika, kichwa hutulia.

Baraza likaitwa. Somoe alipewa kiti cha wageni, akasikiliza yote. Mnusaji Mkuu, mzee Fumbwe, ambaye pua ya joho lake ilitoka bega moja hadi jingine, alisema kosa liko wazi: mistari mitatu haitoshi, wanusaji wasome sita. Mjumbe mmoja akauliza, na mtu akiandika amri kwenye mstari wa saba? Fumbwe akasema basi kumi na miwili. Wakabishana hadi wakafika mistari arobaini, ndipo mtu akakumbusha kwamba picha ya mbuzi ilikuwa na mstari mmoja. Mjumbe mwingine akapendekeza mbuzi wapigwe marufuku kuchorwa. Wafugaji wakapinga. Hoja ikapelekwa kwenye kamati.

Kisha Chengo akaitwa, akasimama bila hofu, kofia mkononi.

"Mheshimiwa Mwana Mkuu," akasema, "mimi nilileta picha. Naapa. Kibandiko kinasema picha. Mpokezi wako, mtu mzima mwenye macho yake, akasema ni picha. Kama mtu fulani ndani ya jumba ameamua kwamba mbuzi wangu anatoa amri, kosa langu ni nini? Je, nilimwambia mtu yeyote niletewe funguo? Niliketi kwangu, zikaja."

Watu walinung'unika. Mwana Mkuu, mwanamke mrefu mwenye tabia ya kukuna shavu anapofikiri, alikuna shavu muda mrefu. Akisema amri ile si yake, atakuwa amekiri kwamba ulimi wa uzio unaweza kusema uongo, na ni nani angejua amri zipi za miaka yote zilikuwa zake? Baraza likaahirishwa.

Wakati wakubwa wanafikiri, wadogo walikuwa wamekwisha kuelewa. Kufikia asubuhi iliyofuata ukuta ulikuwa umejaa mbuzi. Mbuzi kumi na mmoja walikabidhi funguo kwa watu kumi na mmoja, nao wote wakateremka Bondeni kuzidai. Chengo akawaonyesha kifungu cha sheria kinachosema kwamba amri iliyotangulia kutundikwa haibatilishwi na inayofuata hadi mwaka uishe, wakarudi mikono mitupu. Kinyozi mmoja alichora jogoo na akawa hakimu hadi wakati wa chakula cha mchana, akawaachia huru watu wawili waliokuwa wateja wake. Picha ya boga iliamuru kwamba siku hiyo kila mtumishi wa serikali atembee kinyumenyume. Somoe alimwona kwa macho yake mzee Fumbwe akiingia barazani kinyumenyume, taratibu, bila kupoteza hadhi, mpaka alipokutana na nguzo.

Watu wa mji walicheka sana siku ile. Lakini walicheka wakiwa Bondeni, wanapalilia.

Alasiri Mwanate na Somoe walikuwa wakishona. Somoe alikuwa akibandika majina kwenye migongo ya vitabu, na Mwanate akamwuliza kwa nini anajihangaisha, na vitabu vyote vinaweza kufunguliwa.

"Kwetu," Somoe akasema, "mgongo wa kitabu ukisema kamusi, kitakwenda kwenye rafu ya kamusi. Hakuna atakayekifungua ili akisie."

"Na ndani kukiwa na kitu kingine?"

"Atakayetaka kamusi atakuta si kamusi, atakirudisha. Kisha watakuja kwangu, maana ni mimi niliyebandika. Simlaumu msomaji kwamba hakukisia."

Mwanate alivuta uzi. "Na kisichobandikwa?"

"Ni karatasi tu. Karatasi haimtumi mtu."

Binti alipapasa joho lake. Baba yake alikuwa mnusaji, na babu yake pia. Joho alilovaa lilikuwa la babu, limepunguzwa kiunoni. "Bi Somoe," akasema mwishowe, "ikiwa hivyo, mimi nitafanya kazi gani?"

Somoe angeweza kumtuliza kwa maneno matamu, lakini hakuwa na desturi hiyo. "Sijui, mwanangu," akasema. "Ila najua mama yako alipo saa hii."

Baraza lilipokutana siku ya tatu, Mwanate aliomba kusema. Mzee Fumbwe alikunja uso, kwa sababu daraja la tatu halikuwa na sauti barazani, lakini Mwana Mkuu akamwashiria asogee.

"Nina swali kwa Bwana Chengo," Mwanate akasema. "Bwana Chengo, shikamoo."

"Marahaba."

"Siku ya sikukuu ulileta nini hapa?"

"Binti, nimekwisha kuapa. Nilileta picha."

"Haikuwa amri?"

"Haikuwa amri. Waliosema ni amri ni nyinyi."

"Hata yale maneno ya juu?"

"Mapambo," Chengo akasema, akatabasamu. "Ndege."

Mwanate akageuka kumwelekea Mwana Mkuu. "Mheshimiwa, nimeridhika. Bwana huyu anasema kweli. Kibandiko kinasema picha, naye mwenyewe anasema picha. Basi hapakuwa na amri siku ile. Palikuwa na picha, na palikuwa na mimi. Mimi ndiye niliyekisia. Funguo nilizitungua bila kutumwa na mtu, nikampelekea jirani. Kosa ni langu, nami naomba nirudishiwe ili nizitundike mahali pake."

Uzi wa joho la Fumbwe ulikatika pale alipolivuta. Chengo alizungusha kofia mkononi.

"Labda," akasema, "kwa namna fulani, ukitazama kwa undani, ilikuwa na dalili za amri."

Mwana Mkuu aliacha kukuna shavu. "Kama ilikuwa amri, Bwana Chengo, basi uliandika picha juu ya amri, ukaapa uongo mbele ya baraza hili, na uliazima ulimi wangu bila kubisha hodi. Kwa hilo mtu huondoka Ukisio na nguo alizovaa tu. Kama ilikuwa picha, wewe ni mchoraji mzuri ambaye jirani alimletea funguo kwa makosa. Chagua, nami nitaandika utakavyosema. Na safari hii sitamwita mtu wa kunusa."

Chengo aliwatazama wafugaji, akamtazama mpokezi, akamtazama mbuzi wake aliyekuwa ameegemezwa ukutani kama ushahidi. Kisha akaingiza mkono kifuani, akazitoa funguo, akaziweka mezani.

"Ilikuwa picha," akasema.

Mwana Mkuu ndiye aliyeanza kucheka. Alisema kwamba ilikuwa picha nzuri kuliko zote za mwaka ule, na kwamba mfereji wa Bondeni kwa kweli ulikuwa mwembamba, na utapanuliwa. Lakini utapanuliwa na Chengo mwenyewe, kwa jembe, na majirani aliowapalilisha watakuja kutazama.

Sheria mpya iliandikwa siku ile ile, fupi kuliko zote katika Ukisio. Kila kitu kitokacho jumbani kitakuwa na kibandiko, na juu ya kibandiko muhuri wenye neno moja: USINUSE. Kilichoandikwa nje ndicho kitakachofuatwa, na aliyeandika atajibu. Kisicho na kibandiko ni karatasi tu. Na picha za raia zihamishiwe kwenye ghala tupu la nafaka lililo ng'ambo ya barabara, nje ya uzio, ambako kila mchoraji anaweza kusema apendavyo kwa ulimi wake mwenyewe. Mzee Fumbwe aliuliza majoho yatakuwaje. Akaambiwa wabaki nayo, kwa kuwa yanapendeza.

Somoe alibaki Ukisio miezi miwili zaidi, na hawezi kusema kwamba mambo yalinyooka mara moja. Watu waliozoea kukisiwa kwa vizazi vitatu hawakujua kuandika neno moja juu ya bahasha. Mtu mmoja alimwita mkunga kwa karatasi aliyoibandika SALAMU kwa adabu. Mkunga akafurahi, akaiweka pamoja na salamu nyingine. Mtoto alizaliwa salama kwa msaada wa shangazi, na wakamwita Salamu. Watu walilalamika sokoni kwamba zamani mambo yalikuwa rahisi. Wengine waliokuwa wamepalilia Bondeni waliwakumbusha.

Mwanate alipewa adhabu kwa kosa lake: azunguke nyumba kwa nyumba afundishe watu kubandika. Yeye aliiita adhabu. Mama yake aliiita cheo, akawa anawasimulia watu huku akimwagilia mchicha. Siku moja Somoe alimsindikiza, kwa kuwa alitaka kunyoosha miguu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Msewe, kikongwe aliyeishi peke yake na ambaye macho yake yalikuwa yameshindwa na herufi zamani. Alikuwa na karatasi chache, na Mwanate alizibandika zote haraka, moja baada ya nyingine, kwa maelezo ya mwenyewe. Ikabaki moja, iliyokunjwa mara nne, laini kwa kushikwashikwa.

"Hii aliniachia mume wangu alipokuwa anakwenda," Bi Msewe akasema. "Sikuwahi kumpa mnusaji. Niliogopa atasema ni kitu fulani, nacho kiwe hicho."

"Hujui ni nini, Bibi?" Mwanate akauliza.

"Labda wimbo. Alipenda kuimba, ingawa alikuwa anaharibu. Labda ananiagiza nipande migomba upande wa pili. Labda ni barua." Akamsogezea. "Wewe una macho, mjukuu wangu. Niambie niandike nini."

Somoe aliona vidole vya Mwanate vikiifuata ile karatasi, kwa ncha, kama zamani. Aliona pua ikisogea kidogo. Kisha binti akairudisha mikono yake, akaificha nyuma ya mgongo.

"Nikikusomea, nitakusomea kwa kuwa umeniomba, na nitasoma yote, mpaka mwisho," akasema. "Lakini cha kuandika nje, Bibi, utasema wewe. Ni karatasi yako."

Bi Msewe akaishika karatasi kifuani, akafikiri. Nje, maji yalikuwa yakipita mferejini kwa sauti ya chini.

"Andika 'Yangu'," akasema.

Katika orodha ya aina za karatasi ambayo Mwanate alikuwa amepewa na baraza, aina hiyo haikuwepo. Aliipitia orodha yote mara mbili, kwa uaminifu. Kisha akachovya kalamu, akaandika YANGU kwa herufi nzuri, akapiga muhuri juu yake, akaketi chini kwenye mkeka karibu na kikongwe, akaanza kumsomea.